Tanki Linaloogopa Mvua Kubwa

Ayuma aliinama, akasogeza beseni la tatu nyuma kwa upana wa kiganja, akarudi hatua mbili kulitazama, kisha akalisogeza tena. Safu ya kwanza ilikuwa tayari: sufuria nne chini ya gata, mfereji wa ukingoni mwa paa unaopeleka maji tankini, pale ambapo tone likivuja lingeangukia. Safu hii ya pili, ya mabeseni, ilikaa mbele zaidi, hatua nzima kutoka kwenye ile ya kwanza, mahali ambapo hakuna mtu angetarajia maji ya paa. Wingu lilikuwa limeshaufunika msitu na lilikuwa likija.

"Mulamwa, unafungua hoteli?"

Alikuwa Shitanda, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye boma lake lilipakana na hili; waliitana mulamwa, yaani shemeji. Alikuwa na simu mkononi.

"Karibu, mulamwa. Usikanyage mstari wangu."

"Yule mnunuzi wa ng'ombe, Wekesa, anasema kesho saa mbili atafika na pikapu ya kumbeba Bosi. Nimwambie aje?"

Ayuma aligeuka kumtazama Bosi, ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa akicheua zizini kana kwamba habari hiyo haimhusu. Bosi ndiye aliyelipia umeme, sukari na hata misumari ya nyumba hii tangu mumewe azikwe. Lakini alikunywa maji kama harusi inavyokunywa chai, na maji yalikuwa ya kununua. Chemchemi iko bondeni, na magoti ya Ayuma yalikwisha kuikataa njia ile. Boda boda aliyeleta mitungi kutoka Khayega naye hakuileta kwa mapenzi. Kilichoingia kwa maziwa kilitoka kwa maji. Mwezi uliopita Ayuma alisema kwa kinywa chake: tanki lisipojaa, Bosi aende.

Na tanki halikujaa. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na tanki halikujaa. Fundi Patroba alipanda ngazi, akamimina jagi la maji kwenye gata. Yakateremka yote tankini. Shitanda naye akapanda, akaondoa majani, akamimina jagi lake. Yakateremka yote. Ayuma hakupanda. Huku mwanamke hapandi paa la nyumba ya mumewe, na mjane ndiye hasa asiyepanda. Kwa hiyo alibaki chini. Kila asubuhi aligonga tanki kwa kijiti, akisikiliza ni wapi sauti inageuka kutoka ngoma kuwa gogo, na kile alichosikia akakiandika kwenye kalenda.

Sasa aliileta kalenda barazani.

"Tazama. Hapa yalinyesha manyunyu usiku kucha. Tanki likapanda vidole vinne. Hapa ilinyesha ile iliyoangusha migomba yako. Kidole kimoja."

"Ulikosea kuandika."

"Mara moja naweza kukosea. Mara sita?"

Shitanda alicheka. "Basi tanki lako linaogopa radi. Likisikia ngurumo linafunga mdomo." Kisha akashusha sauti. "Mimi nasemanga kuna mtu anachota usiku."

"Mwizi anayekuja mvua ikiwa kubwa tu?" Ayuma aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Shitanda aliichukua kalenda, akaanza kuhesabu upya.

Mvua ilianza kidogo kidogo. Gata iliipokea vizuri, tanki likaanza kuimba, sufuria na mabeseni yakabaki na matone machache tu ya mvua.

"Si unaona inafanya kazi? Wacha nimpigie Wekesa."

"Ngoja."

Ndipo ikaja mvua kubwa yenyewe. Mabati yalinguruma hata wakawa wanapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Ayuma alivaa gambuti, akafungua mwavuli, akatoka. Sufuria chini ya gata zilikuwa na maji ya kuosha kikombe tu. Akatazama mabeseni, akasimama hapohapo. Yalikuwa yanafurika. Maji yaliteremka mbio kwenye paa, paa ambalo mumewe alitaka liinuke lionekane kutoka barabarani, yakairuka gata kama mbuzi anavyoruka mtaro, yakatua hatua nzima mbele.

"Mulamwa! Njoo usimame hapa!"

"Ninyeshewe?"

"Ndiyo, unyeshewe!"

Shitanda alikuja na gunia kichwani. Akainua uso, maji ya paa yakampiga kwenye paji.

"Yanaruka," alisema.

"Yanaruka. Maji ya jagi hayana mbio. Na nyinyi mlipanda jua likiwaka."

"Nani angepanda na radi hii?"

"Hakuna. Hata mimi nisingewatuma."

Mvua ilipokatika, Shitanda alitaka gata yote ing'olewe isogezwe mbele. Ayuma aliuliza kwanza kama haingetosha kuinua ukingo wake wa nje, maji yagonge kitu na kuangukia ndani. Walichukua bati lililobaki walipojenga banda la kuku, wakakata vipande vitano. Shitanda alipanda, Ayuma akabaki chini akielekeza kwa kijiti chake.

"Juu kidogo. Hapo umeinamisha."

"Fundi wa chini hana makosa!"

Jua lilikuwa linazama na vipande viwili vimefungwa imara simu ilipolia. Shitanda alishika ngazi kwa mkono mmoja. "Ni Wekesa. Nimwambie tumepata dawa?"

Ayuma alitazama vile vipande viwili. Alitamani kusema ndiyo.

"Hatujui bado," alisema. "Mwambie asije kesho. Aje mvua kubwa mbili zikishapita. Akikuta tanki halijajaa, amchukue Bosi."

"Wekesa, subiri mvua mbili," Shitanda alisema kwenye simu. "La, si miezi. Mvua! ... Kubwa. ... Sasa mimi nitajuaje ni lini? Muulize Mungu."

Alishuka, akajipangusa kutu kwenye suruali. Waya wa kufungia ulikuwa umekwisha.

"Kesho saa moja," alisema.

"Uje na waya na koleo ya kukatia. Hii yangu haikati."

Kipande cha tatu kilibaki juu, kikining'inia kwa waya mmoja.