Herufi ya U Imejaa

Kaka yangu alihamia kwangu na sanduku moja la nguo na makopo ya biskuti yaliyojaa dunia nzima. Sanduku alilisukuma chini ya kitanda. Makopo akayapanga juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi hata kabla hujamgombeza, kwamba anakaa kidogo tu mpaka apate chumba.

Mimi ni fundi cherehani, na meza ya kukatia haiguswi. Mtu mwingine angeweka kopo pale ningemtimua na mkasi mkononi. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na mkewe, wifi yangu niliyempenda kuliko ndugu wengi wa damu, tulikuwa tumemzika juzijuzi tu. Nikasogeza vitambaa, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu si jambo la kila siku, waulizeni wateja.

Makopo yale yalikuwa na stempu. Maisha yake yote ya kazi kaka alikuwa karani wa barua katika kampuni ya meli. Barua aliwapelekea wakubwa, bahasha akabaki nazo yeye. Jioni alizilowesha kwenye bakuli mpaka stempu zibanduke, akazianika juu ya gazeti, wifi akilalamika kwamba hana pa kuweka sahani. Watoto wangu walipokuwa wadogo walimpa jina la Mjomba Dunia, na majirani nao wakalidaka. Wengine hawajui kama ana jingine.

Kwangu aliishi kama msafiri aliye kwenye chumba cha kusubiria. Akifua shati analipiga pasi, analikunja vizuri, analirudisha sandukuni. Kabati nililomwachia lilikaa tupu, na kila nikifagia chumba chake ufagio unagonga lile sanduku. Chai akinywa anaosha kikombe kabla sijainuka kitini.

"Kaka, hapa ni kwenu," nilimwambia siku moja.

"Najua, Kitinda," akasema. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwake sijawahi kukua. Kisha akaosha na kikombe changu.

Basi akapata chumba, upande wa pili wa mji, juu ya gereji. Nilikwenda naye kukiona. Kilikuwa na kitanda, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na rafu moja juu ya kitanda. Kaka aliipima ile rafu kwa utepe wangu mwenyewe, niliokuwa nimeusahau shingoni, akatikisa kichwa kukubali. "Stempu zitakaa hapa," akasema. Mwenye nyumba akamwambia analitaka jibu ifikapo Ijumaa ya wiki inayofuata.

Nilitaka kumwambia asihame. Nilijizuia, kwa sababu namjua. Ukimwambia baki, anasikia unamhurumia, na akishahisi anahurumiwa anafunga virago siku hiyo hiyo. Nikarudi nyumbani nimenuna, na kwa kununa huko ndipo nikapata wazo. Niliwaambia wateja wangu wote, kimyakimya: anayeniletea stempu ya nje, namshonea kifungo bure. Rafu ile ilikuwa fupi, na mimi nilikusudia izidi kuwa fupi.

Msione mtaa mdogo. Kila nyumba ina mtu wake ng'ambo. Bahasha zilianza kuja, moja kwa sketi, mbili kwa koti, mwenye duka la dawa akaleta bunda zima lililofungwa kwa mpira. Kaka alizipokea kwa mikono miwili, kibano chake mfukoni na lenzi shingoni. "Sijawahi kuona watu wakarimu namna hii," alikuwa akisema. Mimi nilijifanya hamnazo, nikakanyaga cherehani.

Jumatatu tulikwenda duka la vifaa vya ofisini kuchagua pa kuzihifadhi, maana makopo yalikuwa yameanza kushika kutu. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alitutolea aina mbili. Moja ilikuwa albamu za kushonwa, nyembamba, kurasa zake zimefungwa kabisa, zina vipande vya plastiki vya kuchomekea stempu. Nyingine ilikuwa majalada mapana yenye pete za chuma. Unazifungua ta, unaingiza ukurasa mpya popote unapotaka, unafunga ta.

Kaka hakuyatazama mara mbili yale ya pete. Alitoa utepe, akapima mgongo wa albamu nyembamba, midomo ikihesabu.

"Hizi," akasema. "Sita zinaenea kwenye rafu."

"Na zikijaa?"

"Zikijaa zimejaa."

Nilizigeuza zile albamu nikaangalia uzi wake. Ulikuwa umeshonwa vizuri, sina la kusema, lakini zilinichukiza. "Hii ni nguo isiyo na pindo," nikamwambia. "Mtoto wa shule unamwachia pindo la kushusha, la sivyo muhula wa pili goti liko nje."

"Mimi si mtoto wa shule."

"Wewe siyo. Stempu zako ndizo zinazokua."

"Zitaacha kukua," akasema, akamkabidhi mama wa miwani zile albamu sita. Aliongea bila ubaya wowote. Ila mimi niliumia, nikabeba mfuko mpaka nyumbani bila kumsemesha.

Sasa lazima niwaeleze mpangilio wake. Kaka hakuziandika nchi kama zinavyojiandika zenyewe kwenye stempu. Tangu alipoanza kuzikusanya aliziandika kwa majina yetu ya Kiswahili, kwa penseli, kwenye vikaratasi. "Ikishafika kwetu itaitwa tunavyoita," ndivyo alivyokuwa akisema, na mimi naona alikuwa na haki. Kwa hiyo alizigawa herufi kwa usawa katika zile albamu, A na wenzake ya kwanza, na kuendelea, mpaka ya mwisho ikapewa U na vile vibaki vya mwishoni. Mezani tukaanza kupanga mafungu, nchi kwa nchi. Albamu tulifungua hiyo ya mwisho tu, kujaribu, nyingine tukaziacha kwenye nailoni zake.

A ikaenda vizuri. B na C hazikutusumbua. E ilikaa kwenye kiganja. Tulipofika kwenye U kaka akaanza kuhema.

Mnajua ni nani wanaokaa kwenye U? Ulaya karibu yote. Uingereza na Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Ureno, Uhispania, Ugiriki, Uswisi na Uswidi, ambao tuliwachanganya na ikabidi tuwatenganishe kwa lenzi. Urusi peke yake ilikuwa na kopo lake. Juu yao Uturuki, Uchina, Uganda, na Uruguay iliyotokea mbali ikajikuta kwenye msongamano. Fungu lilipanda mpaka likaporomoka, likamwagikia kitambaa cha harusi ya watu.

"Meli zote zilikuwa zinatoka huko," kaka akasema, ameshika kichwa. "Kwa nini sikufikiria?"

"Wanyang'anye U yao," nikamwambia. "Wawe Ingereza, Faransa, Jerumani. Wasambaze kwenye albamu zenye nafasi."

Alinitazama kama niliyemtukana mama yetu. "Na wewe tukikutoa herufi ya kwanza utajisikiaje?"

"Mbona unaing'ang'ania hivyo hiyo U? Hata ukaidi unaanza nayo."

"Na udaku," akasema bila kuinua macho.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikafikiri mambo yamekwisha. Kumbe. Aliposhiba kucheka alichukua kibano, akaanza kuzitoa stempu za Ureno moja moja na kuziweka pembeni, kwenye bahasha tupu.

"Unafanya nini?"

"Napunguza. Nitazipeleka shule, watoto wachezee. Zinazobaki ziwe kiasi cha rafu."

Wifi ndiye aliyezianika zile za Ureno, zenye majogoo na makanisa. Nilikuwapo. Alikuwa akipuliza moja moja zikauke haraka ili apate meza yake. Nikamwona kaka anazitoa kwa utulivu ule ule anaokunjia mashati, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nafungua mdomo mlango ukagongwa.

Aliingia muuguzi wa nyumba ya tatu, mtu mwema kabisa, ila hajui kunong'ona. Alikuwa na shati la mumewe mkono mmoja na bahasha mkono wa pili.

"Fundi, dada yangu ameandika. Stempu ziko mbili, kwa hiyo ni kifungo cha shati na, kama hutajali, zipu ya suruali. Au zipu ni stempu tatu?"

Kibano cha kaka kikasimama hewani. "Kifungo kipi, mama?"

Nilimkonyeza muuguzi jicho mpaka likauma. Hakuona. Akamweleza yote, tena kwa furaha, jinsi mtaa mzima unavyovamia barua za ndugu zao, na jinsi mwenye duka la dawa alivyopata koti zima la vifungo. Kisha akaacha shati na bahasha mezani, akaenda zake kazini.

Kaka aliiweka ile stempu ya Ureno chini. "Tangu lini?"

"Tangu siku uliyopima rafu."

"Ulikuwa unanijazia makusudi. Nisienee kule."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu, Kitinda."

"Ungesikia?"

Basi nikamwambia, maana hapakuwa tena na la kuficha. "Sitaki uhame. Wala si huruma, usije ukanizushia huruma hapa. Tangu watoto waondoke, nyumba hii ina sauti ya cherehani tu. Nikiizima nasikia friji. Wewe ukikohoa chumbani kule mimi nalala vizuri. Ni kwa ajili yangu ninasema, si kwa ajili yako."

Aliinuka, akazitia kwenye mfuko wa dukani albamu zote zilizokuwa bado kwenye nailoni, akavaa viatu, akatoka. Nikajua amekwenda kwa mwenye nyumba, na albamu anatangulia kuzipeleka kwenye rafu yake. Nilijuta kufungua domo langu. Nikakaa kwenye cherehani nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikafumua, nikaushona tena pale pale kwa bega lile lile.

Jua lilikuwa bado linapiga kwenye kizingiti aliporudi. Mfuko ulikuwa umetuna. Alitoa majalada ya pete, mapana, yale yale aliyoyapita bila kuyatazama, akayapanga mezani. Jozi ya pete aliifungua ta, akaifunga ta, kama anayejaribu kufuli.

"Yule mama amenibadilishia," akasema. "Isipokuwa ile tuliyoifungua, hiyo amekataa. Na alikuwa nayo manne tu. Mengine yanakuja mwezi ujao."

"Mwezi ujao," nikasema.

"Mwezi ujao."

"Na chumba?"

"Nimempigia simu mwenye nyumba. Nimemwambia rafu yake fupi."

Niliinamia kazi yangu. Yeye akaendelea kupanga, akiongea na stempu kuliko na mimi. Majalada manne yangemfikisha kwenye S, akasema, T angeibana kwenye ile albamu ya kushonwa. Stempu za Ureno alizirudisha kwa wenzake. Kisha akasimama mbele ya fungu la U, akaangalia makopo yenye kutu, akaangalia kila pembe ya chumba changu cha kazi, akaenda chumbani kwake.

Nilisikia sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda. Makomeo yakalia, la kwanza, la pili. Nikajiambia amebadili nia. Ukapita muda, na milango ya kabati ikalia, hasa ule wa kushoto unaokwaruza, ambao nimesema miaka yote nitautia mafuta.

Akarudi na sanduku mkononi, akaliweka mezani wazi. Lilikuwa tupu. Alitandika gazeti ndani yake na kuanza kupanga humo Uingereza, Ufaransa, Ujerumani.

"Zikae humu kwa sasa," akasema. "Ni kavu."

"Na mashati yako?"

"Kabatini. Kwani lile si la kuwekea nguo?"

Nikasema ndiyo, ni la nguo. Nikachukua sindano nishone kifungo cha mume wa muuguzi, lakini nilikuwa nalia na tundu silioni, na sikutaka anione. Nikamnyooshea sindano na uzi bila kugeuka. Akautunga kwa kibano chake cha stempu, akanirudishia, akaendelea na Uholanzi.