Kadi ya Bi Thuraya

Siku ya arobaini ya mama tuligawa vitu vyake vyote, kama desturi ya ukoo wetu pale Gongoni: kanga, chetezo, tasbihi, hata birika. Kitu kimoja nilikificha, kadi yake ya kuegesha gari, ile ya watu wenye ulemavu. Mama aliishi miaka sita miguu imepooza, na mimi Haifa ndiye niliyekuwa dereva wake. Kanuni zinasema mwenye kadi akifariki, kadi irudishwe ofisini. Nilizijua. Nikazipuuza, basi!

Kesho yake nikaegesha sokoni, nafasi yetu ileile, kadi iko kwenye kioo. Lugembe, msimamizi wa maegesho, ndio kwanza alikuwa karudi kutoka kwao Puge, alikokwenda kumuuguza baba yake. Habari za msiba wetu hazikumfikia. Kwa kanuni, lazima achungulie ndani ahakikishe mwenye kadi yumo. Nikajiandaa kugombana.

Akainama dirishani, upande wa abiria. "Shikamoo, Bi Thuraya," akasema, akatabasamu, akaenda zake.

Kiti kilikuwa kitupu. Mwili ulinisisimka. Lakini niseme kweli, nilifurahi. Tangu hapo nikawa naenda sokoni kila asubuhi, hata kama sina cha kununua, ili nimsikie mtu akimwamkia mama. Mimi sikumwona hata siku moja. Iliniuma, jamani! Mtoto wake wa kumzaa sioni, anaona Lugembe!

Wiki ya tatu Lugembe akaniita pembeni, kakunja uso. "Dada Haifa, samahani. Mama kila siku ananiuliza swali moja tu, lini utamshusha. Anasema amechoka kukaa. Unamwacha juani humo ndani, si vizuri."

Nililia palepale, mbele ya wauza nyanya. Kisha nikachukua kadi, nikavuka barabara hadi ofisini. Karani hakunigombeza. Aliikata kwa mkasi, akaniambia pole.

Niliporudi, Lugembe alikuwa amesimama kando ya gari, anatazama barabarani.

"Mmepishana," akasema. "Kashuka mwenyewe, anatembea! Kumbe kapona, wala hukuniambia."

"Kaacha ujumbe wowote kwangu?"

"Hapana, dada. Alikuwa na haraka."