Matone ya Da Ummu

Hapa mtaani kwetu Mishomoroni mtu akiumwa, mlango wa kwanza kubishwa ni wangu. Mimi Ummulkheir, Da Ummu kwa walio wadogo, nina kapu la dawa ndani ya friji: vidonge alivyobakisha marehemu mume wangu, dawa za kifua, za tumbo, za mgongo. Situpi kitu. Na nisifiche, nilikuwa nikijiona.

Mdogo wangu Tumu ni fundi wa kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo. Alikuwa akishona ya mwanawe Talha, ambaye arusi yake ilipangwa Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani. Siku moja alikuja uani kwangu kunisaidia kuchana ukindu wa mkeka, ncha ikamchoma jicho la kulia. Akafuta chozi, akacheka, akaendelea na kazi. Siku ya nne jicho likawa jekundu, hawezi kutazama jua.

"Tumu!" nikamwita.

"Abee," akaitika, kama tulivyofundishwa, mdogo kumwitika mkubwa.

"Njoo nikutie dawa."

Nilikuwa na chupa ya matone niliyobakisha mwaka jana nilipotolewa mtoto wa jicho. Mimi yalinifaa, kwa nini yeye yasimfae? Nikamtia mara tatu kwa siku. Ebo! Wekundu ukapungua, maumivu yakatulia. Nikatangaza mtaa mzima. Dorcas, jirani yetu wa kutoka bara, akaniambia mimi ni daktari kamili, nami nikaipokea sifa kwa mikono miwili.

Wiki ya pili likatokea doa jeupe katikati ya jicho. "Da Ummu, naona moshi," Tumu akasema. Nikamwambia aache woga. Talha hakunisikiliza, alitupakia kwenye tuktuk, akatupeleka kwa bingwa wa macho kule Mkomani, kijana wa Kikamba aitwaye Dokta Kyalo.

Alimweka Tumu kidevu kwenye mashine, akalitia jicho ganzi, akakwangua kidogo pale penye doa na kwenda kutazama kwa darubini. Akarudi, akatueleza taratibu. Jicho lina kioo mbele, kama kioo cha saa, nuru hupitia hapo. Kioo cha Tumu kilikuwa na kidonda, na ndani yake kuvu iliyoingia na ule ukindu.

"Kabla ya kuja hapa, mlitia dawa yoyote?" akauliza.

Chupa ilikuwa ndani ya mkoba wangu, mapajani. Tumu akanigeukia. Kwa lile jicho lake zima aliona nilivyoubana ule mkoba. Sisi tumelelewa hivyo: aibu ya nduguyo uisitiri kama yako.

"Maji tu, dokta," akasema.

Nami nikanyamaza. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, nikanyamaza!

Dawa tuliyopewa ilikuwa ya kutia kila saa, na ilimuuma hadi akalia. Sikuweza kumtazama akilia. Basi asubuhi na jioni nikawa namtia na yale matone yangu, yamtulize. Wallahi nilidhani ninasaidia.

Siku ya sita tukarudi. Dokta Kyalo akatazama kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti karibu nasi.

"Mama, sielewi. Dawa hii ingekuwa imeanza kushika, lakini kidonda kimezidi kuchimba. Kioo kimebaki chembamba kama ganda la kitunguu. Kikitoboka, jicho zima litatutoka. Nauliza tena: kuna kitu kingine kinachotiwa?"

Tumu akafungua mdomo. Nilijua atasema nini. Angelitoa jicho lake ili anisitiri mimi! Nikafungua mkoba, nikaitoa ile chupa. Iliniponyoka, ikaanguka sakafuni. Dokta akaiokota na kuisoma.

"Hii ni dawa nzuri baada ya upasuaji," akasema. "Huondoa wekundu na maumivu. Lakini hulaza kinga ya jicho, na kuvu ikikuta kinga imelala hustawi. Ndiyo maana mliona nafuu, huku kidonda kikichimba."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliitupa kwenye pipa, akatuandikia upya.

Kidonda kilifunga baada ya wiki saba. Jicho lilibaki mahali pake, alhamdulillahi, lakini kovu jeupe limekaa katikati, na kwa jicho hilo Tumu anatambua mwanga na giza, basi. Dokta alisema iko njia ya kumpandikiza kioo cha marehemu aliyeridhia kabla ya kufa. Jina limeandikwa, tunangoja.

"Chukua changu," nikamwambia dokta. "Mimi nimeshaona vya kutosha."

"Kwa aliye hai hatuchukui, Mama."

Nikalia pale mbele ya wagonjwa wote, wala sikuona haya.

Talha alioa amevaa kofia ile ile aliyoianza mamake, upande mmoja umejaa vitobo, upande wa pili mtupu. Watu walimletea nyingine nzuri, akakataa kuzivaa.

Juzi Dorcas alikuja na binti yake mdogo, macho mekundu. "Da Ummu, nisaidie na yale matone." Kisha akamtazama Tumu, aliyekuwa ameketi nami barazani. "Na wewe, jicho si ilikuwa imepona? Ilifanya nini tena?"

"Ukindu tu, mamangu," Tumu akajibu upesi. "Ulinichoma."

Tangu aumwe, kila anayeuliza hujibiwa hivyo, na kila mara mimi huinamisha kichwa. Siku hiyo nikasimama.

"Si ukindu," nikasema. "Ukindu ulichoma tu. Jicho la Tumu nimeliharibu mimi, kwa matone hayo hayo unayoyataka. Na dokta alipouliza, nikaificha chupa. Mbebe mtoto, Dorcas. Nawapeleka Mkomani sasa hivi."

Dorcas akamvuta mtoto karibu naye.

"Da Ummu!" Tumu akaniita, sauti ile ya kunizuia.

Nikamgeukia mdogo wangu. Tangu tuzaliwe, yeye ndiye huniitika mimi.

"Abee," nikamwitika, nikaingia ndani kuchukua buibui langu.