Sahani Tisa za Ukurasa wa Sita

Simu iliita mtafiti akiwa ghorofa ya saba ya kampuni ya dawa, kompyuta mapajani, akisubiri kuitwa mbele ya jopo la ufadhili. Aliyepiga ni Mama Pacha, fundi wake wa maabara, mwanamke aliyeshika sahani za bakteria kwa miaka ishirini na miwili, asiyepiga simu bila sababu.

"Daktari, umeshaingia?"

"Bado robo saa. Kuna nini?"

"Umekaa?"

"Mama Pacha, sema. Unanitia tumbo joto."

"Zile sahani tisa. Namba niliziandika kwenye vifuniko."

Siku ya kwanza maabara, kabla hujaonyeshwa hata choo kilipo, unafundishwa kuandika namba chini, kwenye kitako cha sahani. Kifuniko hutoka, kitako hubaki na bakteria wake. Mama Pacha mwenyewe aliwakaripia wanafunzi kwa kosa hilo hadi wakamwogopa kuliko mitihani.

"Siku ile sahani zote zilikuwa mia tatu, mgongo unaniuma, nikasema leo tu. Halafu vifuniko vikashika maji. Nikavivua vyote, nikavifuta, nikavirudisha. Sasa hivi nalinganisha picha. Kuna sahani ina ufa ukingoni. Siku ya kwanza ni namba nne. Siku ya tatu ufa uleule uko kwenye kumi na saba."

"Huenda ni hiyo moja tu."

"Huenda. Na huenda zote tisa ni za wale wapole."

Wapole walikuwa bakteria wa mazoezi, wanaokufa kwa chochote. Wakorofi ndio waliotoka kwenye vidonda vya wagonjwa, wasiosikia dawa yoyote. Ombi zima la ufadhili lilisimama juu ya picha ya ukurasa wa sita: sahani tisa za wakorofi, zimesafishwa kabisa na virusi ambavyo mtafiti alivikusanya kwenye mfereji wa maji machafu, virusi vinavyokula bakteria na kumwacha mtu salama. Miaka minne ya kazi. Bila ufadhili, chuo kingechukua chumba cha maabara mwisho wa mwezi na kuzima jokofu la virusi.

"Nimekuharibia," Mama Pacha alisema, sauti ikikatika.

"Usilie juu ya sahani, utazichafua." Mzaha ulimtoka mtafiti. Akakata simu.

Nani angejua? Watu wawili tu duniani, na mmoja wao asingesema kamwe. Picha ilikuwa nzuri. Lakini ukurasa wa saba ulisema kampuni ingeanza kuvijaribu virusi hivyo kwa wagonjwa ndani ya mwaka, na mgonjwa mmoja mtafiti alimfahamu: dereva wa lori, mguu umevimba kama gogo, aliyemwuliza, "Dawa yako itakuja kabla hawajanikata?" Akauona mguu ule ukimiminiwa kitu kinachoua wapole tu, na wakorofi wakistarehe ndani yake.

"Karibu, wanakusubiri," katibu aliita.

Ndani walikuwa wawili: mwenyekiti, mama wa nywele nyeupe aliyewahi kuwa mfamasia, na mkuu wa fedha, bwana wa tai nyekundu.

"Tumeupenda ukurasa wa sita," mwenyekiti alisema. "Tuanzie hapo."

Alibonyeza kitufe, picha ikajaa ukutani, safi, inang'aa. Alisikia sauti yake kabla hajaamua kusema.

"Picha hii naiondoa."

"Unaiondoa wapi?" aliuliza mkuu wa fedha.

"Kwenye ombi. Sijui tena kama sahani hizi ndizo zenyewe. Vifuniko vilichanganyika. Nimejua sasa hivi, nikiwa hapo nje."

"Vifuniko!" Bwana aliegemea kiti. "Mama, umekuja kutuomba mamilioni na hujui kifuniko kipi ni cha sufuria ipi?"

"Sijui. Na ningenyamaza, usingejua hata wewe mpaka watu waanze kukatwa miguu."

Mwenyekiti alivua miwani. "Nani aliandika kwenye vifuniko?"

"Maabara ni yangu."

"Sijauliza maabara ni ya nani."

"Jibu nililonalo ni hilo."

Mtafiti alianza kufunga kompyuta.

"Bodi inakaa baada ya siku tisa," mwenyekiti alisema. "Sahani arobaini, upya. Mtu wetu atazipa namba, nawe hutajua wakorofi wako wapi mpaka zihesabiwe. Zikisafika, tutaongea. Zisiposafika, hatutaongea."

"Kwa hiyo tunamtuza kwa kukosea?" mkuu wa fedha alidakia.

"Nimempa siku tisa. Tuzo umeiona wapi?"

Mtafiti hakusubiri lifti. Alishuka ngazi ameshika ukuta, na kufika ghorofa ya tatu akagundua kwamba woga haukupungua, umehama tu. Asubuhi aliliogopa jopo. Sasa aliziogopa sahani. Kwa miaka minne alizitazama akitaka zisafike, na jicho linalotaka huona hata kisichokuwepo. Je, kama hapakuwahi kuwa na kitu?

Akampigia Mama Pacha.

"Wametufukuza?"

"Wametupa siku tisa. Sahani arobaini, na mtu wao ataweka namba. Washa kabati la joto."

"Daktari... na wakorofi wasipokufa?"

Mtafiti alikaa kwenye ngazi, na sketi yake ya kazi, kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Basi tutakuwa wa kwanza kujua."

Alitaka isikike kama ujasiri. Haikusikika hivyo, na Mama Pacha hakujifanya amedanganyika.

"Njoo upesi," alisema. "Sitaki kuanza peke yangu."