Mara ya Tatu

Bi Fumie alikuwa amekwisha kufunga vikombe vyake vya chai kwenye magazeti, akiacha viwili tu, hata kabla mwanawe hajafika kutoka Tokyo. Tangu mumewe afariki, nyumba ile ya mji mdogo wa Kurayoshi ilimwelemea. Theluji aliifagia mwenyewe, wali aliula peke yake. Alitaka kuhamia kwa mwanawe huyo, Shunji, alitaka mno, ila mtu mzima hadaki jambo kama hilo mithili ya mtoto aliyerushiwa pipi.

Walipokuwa wakinywa chai, Shunji akalitoa jambo lenyewe. "Mama, njoo ukae na sisi."

"Aa, mwanangu, nitawabana. Nyumba zenu za huko ndogo."

"Tutabanana hivyo hivyo."

"Na mkeo anafanya kazi, mimi nitakuwa mzigo. Niacheni na baridi yangu."

Alikuwa amekataa mara mbili, kama adabu ya kwao inavyotaka: unakataa mara mbili, ya tatu unakubali. Akainamia kikombe, ndiyo yake iko tayari mdomoni, akingoja aombwe mara ya tatu.

"Haya basi," Shunji akasema, "kama umeamua mwenyewe." Akashusha pumzi, akaangalia saa.

Bi Fumie akatabasamu na kummiminia chai nyingine. Moyoni alimtetea. Tokyo imemsahaulisha, kule watu wanakimbizana na treni, nani ana muda wa kubembelezana? Kosa ni langu, akajisemea, ningekubali mapema.

Alipomsindikiza hadi langoni, jirani yao, Bi Kuwabara, alikuwa akipita. Shunji akatoa boksi la keki garini, akainama na kumpa kwa mikono miwili.

"Usijisumbue, baba," yule bibi akasema.

"Ni kitu kidogo tu, shangazi."

"Hapana, wapelekee wanao."

"Nitajisikia vibaya nikirudi nazo. Tafadhali, pokea."

"Jamani, unanitia aibu." Bi Kuwabara akapokea, akicheka. "Fumie, ulilea. Adabu zote za kwetu bado anazo."

"Anazo," Bi Fumie akajibu, na moyo ukamkatika. Mwanawe hakuwa amesahau kitu.

Shunji hakumtazama. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya. Aliaga haraka, akaingia garini.

Bi Fumie aliinama pale langoni, kama anavyoagwa mgeni yeyote, mpaka gari likakata kona. Hata lilipokwisha kupotea, hakuweza kuinuka.