Krimu ya Chini ya Sufuria

Naanza na meneja, maana hasira zangu zinaanzia hapo. Kijana mwenye suruali ya kubana, ameletwa hotelini juzi tu, akamwambia mke wangu kwamba mapokezini panataka sura changamfu. Mke wangu! Mwanamke aliyepokea wageni tangu hoteli ile haina hata lifti. Wote wa mapokezi wangefanyiwa usaili upya, na atakayeshindwa anashuka kufua mashuka. Alirudi nyumbani akakaa mbele ya kioo, anavuta ngozi ya mashavu kwa vidole.

"Baba Pacha, nimezeeka?"

"Tumezeeka wote. Mbona mimi sijivuti?"

Hakucheka. Akampigia simu mdogo wake.

Shemeji yangu huyo anapika krimu za kuzuia uzee, kwenye kiwanda cha uani cha mama mmoja wanayemwita Madamu. Wanayeyusha mafuta, wanakoroga, wanatia peptaidi, vipande vidogo vya protini ambavyo eti huiamsha ngozi ijijenge yenyewe. Mimi fundi friji, ya ngozi nitayajulia wapi? Ila wafanyakazi wana mtindo wao: krimu ya juu inauzwa, ya chini ya sufuria, ile nzito ya kijivu, wanawachotea ndugu zao.

"Peptaidi zote zinatuama huko, shemeji," aliniambia. "Dada yangu nimpe ya juu, mimi mchawi?"

Alimpenda dada yake, hilo simnyimi.

Na kweli, uso ukang'aa. Kisha ukajaa. Mikunjo ya machoni ikafutika, mashavu yakawa ya mwali. Majirani wakawa hawaishi kuuliza, "Mama Pacha, unakula nini siku hizi?" Mke wangu akawa anaimba jikoni. Nikamtania kwamba naogopa kutembea naye, watu watadhani ni binti yangu. Tulicheka, jamani! Viatu vikaanza kumbana, pete ikamganda kidoleni, tukasema amenenepa kwa raha.

Pete ndiyo iliyotupeleka hospitali, ikatwe tu turudi. Daktari akambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Akapima mkojo, akataka aone kila anachojipaka. Majibu yalipotoka akatuita ofisini, na shemeji akiwemo.

"Huku si kunenepa," akasema. "Ni maji. Figo zinavuja. Krimu hii imejaa zebaki."

"Hapana!" Shemeji akaruka. "Hizo ni peptaidi, zimetuama!"

"Peptaidi zinayeyuka kwenye maji, dada. Hazituami. Kinachotuama ni kile kizito."

Shemeji akashika kichwa. Kulikuwa na unga ambao Madamu aliutia kwa mkono wake mwenyewe, mlango umefungwa, akiuita kikolezo. Shetani yule! Na waliopendwa zaidi ndio waliochotewa mwingi zaidi.

Daktari akataka kumlaza papo hapo, apewe dawa za kukausha maji na za kuzuia damu isigande.

"Nikizinywa, uso utarudi ulivyokuwa?" mke wangu akauliza.

"Utarudi."

"Basi nitakuja baada ya usaili."

Niligombana naye kuanzia kwenye ngazi za hospitali hadi kitandani. Nilimlilia, mwanamume mzima. Nilificha sare yake, akaazima ya mwenzake.

"Niache, mume wangu," akasema. "Nikishushwa kule chini sitapanda tena."

Usaili aliushinda. Meneja mwenyewe ndiye aliyenisimulia, machozi yanamlengalenga, kwamba walimpigia makofi. Akarudi kwenye kiti chake, akampokea mgeni mmoja, akashika kifua. Damu ilikuwa imeganda mguuni ikapanda mapafuni. Hakufika hospitali.

Wanawake waliomwosha walitoka wakanishika mikono. Eti kunipoza, wakaniambia alikuwa mzuri kama msichana, hana hata mkunjo mmoja. Nikawafukuza. Niliwatukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua.

Akabaki shemeji peke yake mlangoni, analia. Ndipo nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Macho yalikuwa yamezama kwenye mashavu laini, yaliyojaa.

"Na wewe ulikuwa unajipaka?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Niliona aibu, shemeji." Akajifuta uso kwa khanga, taratibu, kama unamuuma. "Na mama yetu nilikuwa nampelekea."