Sentensi Isiyoitikiwa Amina

Mvuke ulipopanda, chumba cha kupigia pasi kilipotea. Kuta ziliyeyuka, mashine zikabaki sauti tupu, na mashuka meupe yakawa yanamjia Mama Sala moja baada ya jingine, kana kwamba yalifuliwa mawinguni. Hapo ndipo alipopenda kusali. Aliinama juu ya pasi, midomo ikicheza, na wenzake walishamzoea: ukimwita asiitike, subiri afike mwisho.

Ndio waliompa jina hilo, na jina likamfuata mpaka kwenye darasa la jioni, alikoanza kusoma kichwa kikiwa na mvi za kutosha. Lakini siku hiyo sala yake ilikuwa ya ajabu.

"Mungu wangu," alinong'ona, "nitafutie mtu wa kunipinga."

Mwalimu ndiye aliyemtuma. Jioni iliyopita, Mama Sala alikuwa amesimama mbele ya darasa akasoma hoja kuu ya insha yake, ile sentensi moja inayobeba insha nzima mgongoni: "Wazee ni watu muhimu sana katika jamii."

"Amina!" dereva wa lori aliitikia kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu, kijana ambaye Mama Sala angeweza kumzaa, hakucheka. "Umesikia, mama? Sentensi ya kuitikiwa amina bado haijasema kitu. Kama hakuna wa kubisha, insha itamshawishi nani? Niletee sentensi ambayo mtu mwenye akili zake timamu anaweza kuikataa, na sababu yako iwe humohumo. Usipoipata, insha hutaiandika. Na bila insha hupandi darasa."

Alirudi kitini. Maisha yake yote alikuwa akisema maneno ya kuitikiwa amina. Kushukuru alijua, kuomba alijua, kubariki alijua. Kubisha, hapana. Hata nyumbani, alikoishi na dada yake mkubwa na baba yao, neno la Dada lilikuwa la mwisho, na yeye alilipokea kama mtu anavyopokea mvua.

Sasa, katikati ya mvuke, alijaribu bahati yake kwa mwenzake aliyekuwa akikunja mashuka.

"Unaonaje, watoto wote wapate elimu?"

"Kabisa."

"Na watu wawe na upendo?"

"Tena sana." Mwenzake akaweka shuka chini. "Mama Sala, unatafuta ugomvi au nini? Kama ni ugomvi, waambie hawa chai ya hapa ni tamu, uone."

Jioni hakukuwa na darasa. Alifika nyumbani wakati ule ambao mwanga unakuwa wa rangi ya maji ya majani ya chai na vitu vyote sebuleni vinaonekana kama vinakumbuka jambo. Baba alikuwa amesimama dirishani, amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa.

"Mama yenu amechelewa leo," alisema. "Yuko wapi?"

Dada akatoka jikoni akijifuta mikono. Hakukuwa na ukali usoni pake. Yeye ndiye aliyemwogesha mzee, aliyemlisha, aliyekata kucha zake.

"Baba, Mama alifariki. Tulimzika."

Mzee akageuka polepole. "Lini? Mbona hamkuniambia?" Kisha akaketi na koti lake, akalia kama anayelia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Jana ilikuwa ya kwanza pia. Na juzi.

Mama Sala akamshika mkono. Kila jioni isiyo ya darasa alimshika mkono hivyohivyo, na kila mara alijiambia kwamba Dada yuko sahihi, kwa sababu uongo ni dhambi. Ila jioni hiyo, vidole vya baba vikiwa ndani ya vyake, kitu kilisema wazi, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili: Asiambiwe.

Akashtuka. Ilikuwa sentensi. Na ilikuwa inamkataa Dada.

Alfajiri alipiga magoti akaomba aondolewe neno hilo kama halikutoka panapofaa. Dirisha likawa jeupe, na neno likawa bado lipo, limetulia kama paka kitandani. Basi akapiga moyo konde, akamfuata Dada jikoni.

"Dada, nina sentensi yangu ya shule. Nisikilize."

"Haya, msomi, soma."

"Mzee aliyesahau kifo cha mkewe asiambiwe tena."

Kisu cha Dada kikasimama juu ya kitunguu. "Kwa hiyo nimdanganye baba yangu?"

"Sijasema umdanganye."

"Umesema nini basi?"

Mama Sala akaanza kuokota maganda ya vitunguu.

"Nenda kasome vizuri, mdogo wangu. Mimi siuchafui ulimi wangu uzeeni."

Njia nzima ya kwenda kazini machozi yalimlenga. Lakini chini ya machozi kulikuwa na furaha ndogo iliyomtia aibu: alikuwa ameomba mpinzani, na kumbe mpinzani yuko nyumbani miaka yote, anakatakata vitunguu.

Siku hiyo mvuke ulipomfunika hakuomba kitu. Aliuliza. Kama si uongo, na si ule ukweli unaomvunja mzee kila jioni, ni nini? Shuka likapita, jingine likapita. Alimwona baba yake ndani ya weupe ule, na koti lake, akiuliza. Hajawahi kuuliza kama mkewe yu hai. Anamuulizia tu, kama mtu anayetaja jina ili lisipotee. Mama Sala akaipunguza sentensi hapa, akaiongeza pale, na jioni akaisoma darasani:

"Mzee anapomuulizia mkewe aliyefariki, tusimdanganye wala tusimtangazie kifo upya, bali tumwombe atusimulie habari zake, kwa sababu hatafuti taarifa, anatafuta mtu wa kumkumbuka naye."

Dereva wa lori akainuka. "Mimi nakataa! Huko ni kukwepa. Ukweli ni ukweli, hata ukiuma."

"Wewe umeshawahi kuuguza?" mwanamke mmoja akamrukia, na darasa likawa soko.

Mwalimu aliwaacha wabishane kwanza. Kisha akamwinamia Mama Sala. "Iandike, mama. Na yule anayekukataa mpe aya nzima, yenye heshima. Msikilize kabla hujamjibu."

Kwa hiyo kesho yake, mwanga ulipoanza kulegea, aliketi jikoni na kalamu. "Dada, niambie sababu zako. Nataka niziandike sawasawa."

"Nimeshakwambia. Dhambi."

"Na nyingine?"

Dada akasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Nikimwambia, tunakuwa wawili tunaojua," alisema mwishowe. "Nikinyamaza, nabaki peke yangu na lile kaburi."

Mama Sala hakuliandika. "Mimi je, Dada? Si nipo?"

"Wewe unasalisali tu. Hujawahi kuniambia neno."

Ilikuwa kweli. Akaweka kalamu chini, akaenda kusimama karibu yake, bega kwa bega. Ndipo sauti ikatoka sebuleni.

"Mama yenu amechelewa leo. Yuko wapi?"

Wakatoka wote wawili. Dada akavuta pumzi, na Mama Sala akaona maneno ya kila siku yakipanda shingoni mwake. Yalipanda, yakasimama.

"Baba," Dada akasema, "hebu tusimulie habari zake."

Mzee akaliacha dirisha. Akawatazama mmoja mmoja, kama anayehakikisha hawamtanii. Kisha akaketi.

"Yule?" akasema. "Yule alikuwa anacheka kabla hajamaliza kichekesho. Siku niliyomwona kwanza alivaa gauni la kijani, akacheka peke yake mpaka akakaa chini."

"La bluu, Baba," Dada akasema. "Ile picha yake na gauni hilo si ninayo mimi?"

"La kijani! Ulikuwepo?"

"La bluu."

"Huyu mtoto mbishi amemfuata nani?" mzee akauliza, huku anafungua kifungo cha kwanza cha koti, kisha cha pili, na Dada akaketi karibu naye, mikono bado inachuruzika maji.